VIKWAZO NA MLANGO WA NYUMA: RHODESIA NA BURUNDI KATIKA HISTORIA YA KANDA YETU

1. Utangulizi

Katika Matendo ya Mitume 12:20 Luka anatupa habari fupi ambayo wahubiri wengi huipita upesi ili wafike kwenye kifo cha Herode. Mfalme aliwakasirikia watu wa Tiro na Sidoni, nao wakamwendea kuomba amani, kwa kuwa nchi yao ililishwa na nchi yake. Lakini kabla ya kufika mbele ya mfalme walijipatia kwanza urafiki wa Blasto, mtu wa chumbani mwake. Luka hasemi kama Herode alikuwa amekwisha kuzifunga njia za nafaka. Huenda hofu ya kufungiwa ilitosha. Hata hivyo, katika mstari huo mmoja tunayaona mambo mawili ambayo hayajaachana hadi leo: mtawala anayetumia biashara kama fimbo, na watu wanaotafuta mlango wa nyuma.

Makala hii inachunguza historia ya mlango huo wa nyuma katika kanda yetu. Tutaangalia hasa vikwazo dhidi ya Rhodesia ya Kusini (1965–1979) na vikwazo dhidi ya Burundi (1996–1999). Katikati yake tutagusa kipindi cha kufungwa kwa mpaka wa Tanzania na Kenya (1977–1983), ambacho watu wa mteremko wa Kilimanjaro hawahitaji kufundishwa na kitabu. Tutauliza maswali matatu: Ni nani aliyeufungua mlango wa nyuma? Ni nani aliyelipa gharama? Na Kanisa lina neno gani la kusema?

2. Rhodesia: ahadi ya majuma machache

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru huko Salisbury, ili utawala wa walio wengi usije. Uingereza haikutaka kutumia nguvu za kijeshi, ilichagua vikwazo. Tarehe 20 Novemba 1965 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliziomba nchi zote zikate uhusiano wa kiuchumi na Rhodesia na zisiipelekee mafuta. Januari 1966, katika mkutano wa Jumuiya ya Madola mjini Lagos, Waziri Mkuu Harold Wilson aliwapa viongozi wenzake matumaini kwamba uasi ungekwisha baada ya majuma, wala si miezi.

Tanzania haikuyaamini matumaini hayo. Kwa kufuata azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika, tarehe 15 Desemba 1965 ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Gharama yake ilionekana mara moja: mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umeahidiwa na Uingereza ulizuiwa. Uhusiano ulirudishwa mwaka 1968.

Desemba 1966 Baraza la Usalama liliifanya sehemu ya vikwazo kuwa amri badala ya ombi, na tarehe 29 Mei 1968, kwa azimio namba 253, karibu biashara yote na Rhodesia ilikatazwa. Kwenye karatasi nchi ile ilikuwa imefungwa pande zote. Hata hivyo utawala wa Smith ulidumu miaka kumi na minne, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, hadi mwaka 1974 hivi, uchumi wake ulikua. Ni lazima tueleze jinsi ilivyowezekana.

3. Njia nne za kukwepa

Njia ya kwanza ilikuwa jirani aliyekataa kufunga mlango wake. Rhodesia haina bahari. Mafuta yake yalipitia Msumbiji, iliyokuwa chini ya Wareno, na Afrika ya Kusini, iliyokuwa chini ya makaburu. Serikali hizo mbili hazikuvitambua vikwazo. Aprili 1966 meli ya mafuta Joanna V ilitia nanga Beira, mahali lilipoanzia bomba la kwenda kiwanda cha kusafisha mafuta cha Feruka karibu na Umtali, mji unaoitwa leo Mutare. Baraza la Usalama likaipa Uingereza ruhusa ya kuzuia kwa nguvu meli za mafuta zinazokwenda Beira. Manowari za Uingereza zikailinda bahari ile tangu mwaka 1966 hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwezi Juni 1975. Bomba la Beira lilikauka kweli. Lakini mafuta yalishuka Lourenço Marques, inayoitwa sasa Maputo, bandari ambayo amri ile haikuitaja, yakapanda treni hadi Rhodesia. Mlango mmoja ulilindwa kwa miaka tisa, na mlango wa pili, katika pwani ile ile, ukaachwa wazi. Mwaka 1971 serikali ya Smith iliweza hata kuondoa mgao wa petroli.

Njia ya pili ilikuwa kampuni ya katikati. Uchunguzi wa Thomas Bingham na Stephen Gray, uliotolewa kwa umma na serikali ya Uingereza Septemba 1978, ulionyesha jinsi mafuta ya Shell na BP yalivyokuwa yakifika Rhodesia. Kampuni zao tanzu za Afrika ya Kusini ziliuza mafuta kwa wakala wa huko huko, na wakala akayapeleka kaskazini. Ilipoonekana kwamba jambo hilo lingeweza kuleta aibu, yalifanywa mapatano mwaka 1968: kampuni ya Kifaransa ya Total iwapelekee wateja wa Rhodesia mafuta, na Shell na BP ziirudishie Total kiasi kile kile ndani ya Afrika ya Kusini. Kwa hesabu za vitabuni, hapakuwa na mafuta ya Mwingereza yaliyovuka mpaka. Kwa kweli injini za Salisbury zilipata kile kile. Waziri aliyeshughulikia mambo ya Jumuiya ya Madola alielezwa habari hizo mwaka ule ule wa 1968, na baadaye ukatokea ubishi mkubwa kuhusu nani mwingine alijua. Hakuna aliyefikishwa mahakamani.

Njia ya tatu ilikuwa kubadili jina la bidhaa. Tumbaku, kromi, nyama na mahindi ya Rhodesia vilitoka vikiwa na vyeti vilivyosema kwamba asili yake ni Afrika ya Kusini au Msumbiji. Kamati ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa ilipokea mamia ya mashauri ya namna hiyo, na mara nyingi serikali iliyoulizwa ilijibu kwamba hati zote zilikuwa sahihi. Nyama ilisafirishwa kwa ndege hadi Gabon, kwa shirika lililoandikishwa huko ingawa mizizi yake ilikuwa Salisbury. Mwaka 1973 ndege tatu aina ya Boeing 720 zilinunuliwa Ulaya kwa kupitia mikono ya mawakala, zikatua Rhodesia mbele ya macho ya dunia yote. Rhodesia haikupata vitu hivi bure. Ilipouza iliuza kwa bei ya chini, na iliponunua ilinunua kwa bei ya juu, kwa sababu kila mkono uliopokea na kupitisha ulidai ujira wake. Ukwepaji una kodi yake, lakini kodi hiyo haiingii katika hazina ya taifa lolote.

Njia ya nne ilikuwa ya wazi kuliko zote: kutunga sheria ya kuruhusu kilichokatazwa. Mwaka 1971 Bunge la Marekani lilikubali kifungu kilicholetwa na Seneta Harry Byrd wa Virginia. Kilizuia serikali kukataza madini muhimu kutoka nchi isiyo ya Kikomunisti maadamu madini hayo hayo yanaruhusiwa kutoka nchi za Kikomunisti. Hoja iliyotolewa ni kwamba Marekani isiitegemee Urusi kwa kromi yake. Tangu mwaka 1972 hadi Machi 1977, kifungu kilipoondolewa chini ya Rais Carter, taifa lenye kiti cha kudumu katika Baraza la Usalama lilinunua kromi ya Rhodesia kwa sheria yake lenyewe, kinyume cha azimio ambalo halikuwa limelipinga.

4. Gharama ya jirani mwema

Wakati wakwepaji walipokuwa wakipata faida, waliotii walilipa. Zambia ilikuwa imefungamanishwa na Rhodesia tangu ukoloni: shaba yake ilipita kusini kwa reli, na mafuta na makaa ya mawe yake yalitoka huko. Ilipojitahidi kuyakata mafungamano hayo, mafuta ilibidi yaletwe kwa ndege na kwa malori katika barabara ya vumbi kutoka Dar es Salaam. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 hivi, lilianza kazi mwaka 1968. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba kuanzia mwaka 1970, ikakabidhiwa mwaka 1976. Wengi tunaikumbuka reli hiyo kama ishara ya urafiki. Tusisahau kwamba ilikuwa pia malipo ya utii: nchi mbili maskini zilichukua deni kubwa ili moja yao isilazimike kupita katika mlango wa mwonevu.

Januari 1973 Smith mwenyewe aliufunga mpaka wake na Zambia. Alipotaka kuufungua tena, Rais Kaunda alikataa. Lakini Oktoba 1978, shaba ikiwa imekwama na mbolea ya msimu ikihitajika, Zambia ililazimika kuirudia reli ya kusini. Msomaji asiharakishe kuliita jambo hilo usaliti. Aliyetii vikwazo kwa muda mrefu kuliko wengine alikuwa pia ndiye aliyeachwa peke yake na gharama zake.

Badiliko lilikuja pale jirani mwingine alipobadilika. Ureno ilipinduliwa Aprili 1974, Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975, na tarehe 3 Machi 1976 Rais Samora Machel aliufunga mpaka na Rhodesia, ingawa bandari na reli zake zilikuwa zikila katika biashara hiyo. Tangu siku hiyo Smith alibaki na mlango mmoja tu, Afrika ya Kusini, na mwenye mlango huo alianza kumhimiza. Septemba 1976 Smith alitangaza kuikubali kanuni ya utawala wa walio wengi. Vita vya ukombozi viliendelea, na mapatano ya Lancaster House yalitiwa sahihi tarehe 21 Desemba 1979. Haingekuwa haki kusema kwamba vikwazo ndivyo vilivyoikomboa Zimbabwe. Damu ya watu wake ilifanya kazi hiyo. Lakini tunaweza kusema kwamba uamuzi mmoja wa jirani maskini wa Maputo ulimbana Smith kuliko manowari za miaka tisa.

5. Mpaka wa Kilimanjaro, 1977–1983

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Huku hakukuwa kuweka vikwazo kwa maana ya Umoja wa Mataifa, lakini kulitufundisha jambo lile lile kwa mlango wetu wenyewe. Baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazil Julai 1975 ilikuwa imeipandisha sana bei ya kahawa duniani. Mkulima wa Kenya alipata sehemu kubwa ya bei hiyo. Mkulima wa Kilimanjaro alipata sehemu ndogo, kwani sehemu kubwa ilibaki katika kodi na mamlaka za serikali. Zaidi ya hayo, mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, ukiwamo KNCU ambao wakulima wa mlima huu walikuwa wameujenga tangu mwaka 1933.

Ndipo magendo yalipostawi. Kahawa ilivuka usiku kuelekea Taveta. Sabuni, mafuta ya kupikia na nguo, vilivyokuwa vimeadimika madukani, vikarudi kwa njia hiyo hiyo. Serikali ilijibu kwa ukali, hasa katika kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983 baada ya mapatano ya Arusha, na sheria ya ushirika ya mwaka 1982 ilikuwa imekwisha kuandaa kurudi kwa vyama vikuu.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu moja. Mtu wa Machame akisikia kwamba nchi fulani imekwepa vikwazo, asidhani kwamba ni habari ya watu wabaya wa mbali. Bei zikitofautiana pande mbili za mpaka, na amri ikiwa haina ridhaa ya wanaoubeba mzigo wake, njia za msituni hujichonga zenyewe. Wala wote wanaopita katika njia hizo hawako sawa. Mama aliyebeba kilo chache kichwani ili anunue sabuni hakuwa sawa na mwenye lori aliyekuwa na rafiki katika kizuizi cha barabara. Sheria iliwaita wote kwa jina moja. Mchungaji anayesikiliza maungamo hana budi kuwatofautisha.

6. Burundi: tulipokuwa sisi wafungaji wa mlango

Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya aliuchukua utawala wa Burundi kwa msaada wa jeshi. Nchi ile ilikuwa katika umwagaji wa damu tangu kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993. Mnamo tarehe 31 Julai 1996 viongozi wa kanda walikutana Arusha, safari ya saa chache kutoka Machame, na wakaamua kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Walidai Bunge lirudishwe, vyama vya siasa viruhusiwe, na mazungumzo yafanyike na pande zote bila masharti. Mpatanishi alikuwa Mwalimu Nyerere. Hapo palikuwa na jambo jipya: majirani wenyewe, wala si mataifa makubwa, ndio walioufunga mlango. Baraza la Usalama, mwezi Agosti, liliziunga mkono juhudi za kanda, lakini halikuweka vikwazo vyake lenyewe.

Kama ingekuwapo nchi ambayo vikwazo vingeibana upesi, ilikuwa hii. Burundi haina bahari. Uchumi wake wa fedha za kigeni uliitegemea kahawa. Mizigo yake mingi ilipita Dar es Salaam, kwa reli hadi Kigoma, na kwa meli ziwani hadi Bujumbura. Na kweli ilibanwa. Septemba 1996 Buyoya alilirudisha Bunge na kuviruhusu vyama.

Lakini mlango wa nyuma ulifunguka hapa pia. Mafuta yaliingia kwa mpaka wa Rwanda. Ziwa Tanganyika ni refu, na mitumbwi haiandikishwi forodhani. Vita vilivyoanza mashariki ya Zaire mwishoni mwa mwaka 1996 viliacha upande ule bila mlinzi wa kuaminika. Bidhaa zilionekana katika masoko ya Bujumbura, ila bei zake zilipanda mno. Palipo na uhaba, kibali cha kuagiza mafuta au sukari huwa mali kuliko mafuta na sukari yenyewe, na vibali hivyo vilikuwa katika mikono ya watu wa karibu na serikali na jeshi. Hivyo wale waliokusudiwa kubanwa walipata biashara mpya, na mkulima wa mlimani, asiyempindua mtu yeyote, alikosa mbolea, dawa na soko.

Viongozi wa kanda waliliona jambo hilo. Aprili 1997 walilegeza vikwazo kwa chakula, dawa, vifaa vya shule na pembejeo za kilimo. Juni 1998 mazungumzo ya pande nyingi yalianza Arusha, na tarehe 23 Januari 1999 vikwazo vilisimamishwa. Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Nelson Mandela akaipokea kazi yake, na mkataba ukatiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Je, vikwazo vilifaulu? Vilisaidia kuwaleta watu mezani. Lakini viliwaleta kwa bei ambayo wengi wa walioilipa hawakuwa na kiti katika meza hiyo.

7. Neno la Kanisa

Kanisa la Kilutheri si mtazamaji katika historia hii. Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu wa sita Dar es Salaam, mkutano uliomchagua Askofu Josiah Kibira kuwa rais wa kwanza Mwafrika. Mkutano huo ulitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa kusini mwa Afrika ni jambo la kuikiri imani, si maoni ya siasa tu. Mwaka 1984 huko Budapest uanachama wa makanisa mawili ya wazungu wa kusini ulisimamishwa. Baraza la Makanisa Ulimwenguni nalo, mwaka 1972, liliamua kuuza hisa zake katika makampuni yaliyofanya biashara na tawala hizo. Aliyetaka wengine wafunge mlango alianza na mlango wake.

Kutokana na historia hii twaweza kusema mambo matatu. Kwanza, ukwepaji hauji kama mvua. Kila shehena iliyopita ilikuwa na mtu aliyetia sahihi cheti akijua kwamba kina uongo. Katika Katekisimo Ndogo tunaifundisha amri ya nane kana kwamba inahusu umbeya wa kijijini tu. Cheti cha uongo ni ushuhuda wa uongo, na karani wa bandari, dalali na mkurugenzi huketi katika viti vya makanisa, huko Ulaya na hapa kwetu. Hawajapata kusikia mahubiri yanayowahusu.

Pili, anayedai vikwazo hana budi kuuliza mapema ni nani atakayelipa, na kuwa tayari kuuchukua mzigo pamoja naye. Zambia iliachwa, mkulima wa Burundi hakuulizwa. Mzigo wa haki ukiwaangukia tu wasio na sauti, haki yenyewe huanza kufanana na dhuluma.

Tatu, tusiikatae njia hii kwa sababu ina mlango wa nyuma. Njia iliyobaki mara nyingi ni bunduki, na bunduki nayo haijui kumchagua mwenye hatia. Nchi inayofunga biashara yake na mwonevu kwa hasara yake mwenyewe, kama Msumbiji mwaka 1976, imetoa ushuhuda ambao hakuna cheti kinachoweza kuughushi.

Watu wa Tiro na Sidoni walipata amani yao, pengine kwa msaada wa Blasto, na katika mistari inayofuata tunawakuta watu wakimshangilia Herode kama mungu. Luka hatuambii Blasto alipata nini. Kazi ya mwanahistoria wa Kanisa ni kuendelea kuuliza swali hilo, kila mara mlango mkubwa unapofungwa kwa kishindo.